Kufungua shule Julai Dodoma: mwandae mtoto kwa baridi ya asubuhi

Anayeijua Dodoma kwa jua lake la mchana hukosea kumvisha mtoto mwezi Julai. Mji umekaa zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kipupwe anga huwa jeupe bila mawingu, na joto ambalo ardhi ililipata mchana hupotea lote usiku. Alfajiri huwa nyuzi 13 au 14, siku nyingine hushuka zaidi. Mchana hupanda hadi 26 au 27. Mtoto mmoja, sare moja, hali mbili za hewa kabla ya kurudi nyumbani. Ukimvisha kwa ajili ya mchana, anatetemeka darasani hadi saa tatu na kalamu haishikiki. Ukimvisha koti zito kwa ajili ya asubuhi, saa tano analivua na kulisahau chini ya mti.

Jambo la pili ni giza. Dodoma iko magharibi ya Dar es Salaam lakini saa zetu ni zilezile, kwa hiyo mwanzoni mwa Julai jua huchomoza saa moja kasoro dakika kumi na mbili hivi. Mwanafunzi anayetakiwa kuwa mstarini saa moja na nusu, na nyumbani kwao ni mwendo wa saa nzima, anatoka gizani. Kwa hiyo maandalizi yote ya muhula wa pili yatazame saa zile tatu, kutoka saa kumi na moja alfajiri hadi saa mbili. Mchana utajitunza wenyewe.

Shule kwa kawaida hufunguliwa karibu na Sabasaba. Anza katikati ya Juni. Anayesubiri wiki ya mwisho humkuta fundi cherehani ana foleni ya watu wote waliosubiri kama yeye.

Nguo: pima kwanza, nunua baadaye

Chukua jioni moja, mvishe kila mtoto sare yote aliyovaa muhula uliopita, kuanzia soksi hadi sweta. Mwambie anyooshe mikono mbele kama anayeandika ubaoni. Mkono wa sweta ukipanda juu ya kifundo cha mkono kwa zaidi ya vidole viwili, limekuwa fupi. Mwambie achuchumae, suruali ikibana gotini au sketi ikipanda kupita goti, angalia upindo kabla ya kuwaza duka. Sare nyingi zina upindo wa sentimita 4 hadi 6, na fundi akiukunjua unapata mwaka mwingine. Mstari wa zamani wa upindo hubaki umefifia. Loweka sehemu hiyo kwenye maji yenye siki kidogo, kisha piga pasi ikiwa bado na unyevu. Hautafutika wote, lakini hautaonekana kwa mbali.

Siri ya kujikinga na baridi ni tabaka. Kinachomzuia mtoto asisikie baridi ni hewa iliyonaswa kati ya nguo na nguo, kuliko unene wa nguo moja. Kwa hiyo: fulana ya pamba inayokaa karibu na mwili, shati la shule, kisha sweta. Fulana iwe ya mikono mifupi na iingizwe ndani ya suruali au sketi, maana upepo wa hapa hupita chini ya shati na kumaliza kazi yote ya sweta. Usiku mtoto avue fulana ile na kulala na nyingine, kwa sababu ya mchana imenyonya jasho, na nguo yenye jasho hupoza mwili alfajiri.

Sweta la vifungo ni bora kuliko la kuvaa kichwani, kama shule inaruhusu, kwa kuwa mtoto hulifungua taratibu jua linapopanda badala ya kulivua lote akiwa bado ana jasho la mpira. Ukienda kwenye mitumba ya soko la Sabasaba au la Majengo kutafuta sweta la rangi ya shule, lisogeze kwenye mwanga na ulinyooshe: ukiona mwanga unapita kila mahali, upepo utapita vilevile. Vuta kiwiko kwa nguvu kisha achia. Lisiporudi, limekwisha. La mtumba lifue kwa maji ya moto na sabuni na lianikwe juani siku nzima kabla halijamgusa mtoto, maana hujui limekaa wapi wala kwa dawa gani.

Masweta mengi hupotea kati ya saa nne na saa sita. Shona jina na darasa kwa uzi kwenye mshono wa ndani wa shingo. Kalamu hufutika baada ya kufuliwa mara chache. Mfundishe mtoto kulifunga kiunoni au kuliweka ndani ya begi, na mara zote mahali palepale.

Viatu: mtoto asimame juu ya karatasi jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa shughuli za mchana, uchore ukingo wa miguu yote miwili. Ukate mchoro wa mguu mkubwa, ndio unaokwenda nao sokoni. Uingize ndani ya kiatu. Ukijikunja, kiatu ni kidogo. Mbele ya kidole gumba pabaki nafasi ya upana wa kidole kimoja. Kununua kikubwa zaidi ya hapo ili "akue nacho" huleta malengelenge kisigino, na mtoto mwenye malengelenge hutembea akiwa amekanyaga kiatu nyuma mpaka kinapasuka. Soksi tatu zatosha kwa wiki. Hewa ni kavu, soksi ya pamba iliyofuliwa saa kumi jioni na kuanikwa kwenye upepo kesho yake ni kavu. Kwa sababu hiyohiyo, sare mbili kwa mtoto wa kutwa zinatosha kabisa; weka pesa ya sare ya tatu kwenye sweta zuri.

Ngozi, pua na macho

Kipupwe cha hapa ni kikavu na kina vumbi. Midomo hupasuka, magaga hufunguka visiginoni, damu hutoka puani. Mafuta hayaongezi maji kwenye ngozi, huyafungia yaliyopo. Ndiyo maana mtoto apakwe mara tu anapotoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, ndani ya dakika tatu. Ukipaka ngozi iliyokauka unafungia ukavu. Mafuta mazito ya mgando yanafanya kazi kuliko losheni nyepesi zenye manukato, na ni ya bei nafuu. Visiginoni paka usiku, kisha avae soksi za zamani. Midomoni paka kidogo asubuhi na umkataze kuilamba: mate yakikauka huondoka na mafuta ya midomo yenyewe, na kesho yake imepasuka zaidi.

Damu ikitoka puani, mkalishe, ainamishe kichwa mbele kidogo, abane sehemu laini ya pua, chini ya mfupa, kwa dakika 10 bila kuachia kuchungulia. Kumlaza chali au kumwinulia kichwa, kama wengi tunavyofanya, huipeleka damu kooni na kumtapisha. Ikiendelea baada ya kubana mara mbili, mpeleke kituo cha afya.

Macho yanastahili uangalizi wa pekee katika mkoa huu. Vikope, yaani trakoma, ni ugonjwa ambao umesumbua Dodoma kwa vizazi, na Kongwa ni miongoni mwa wilaya zilizofanyiwa utafiti mwingi wa ugonjwa huo. Huenezwa na matongo na makamasi ya mtoto mmoja kufika kwenye macho ya mwingine: kwa nzi, kwa mikono, kwa khanga moja inayofuta nyuso za watoto wanne. Kuosha uso kila asubuhi hakuhitaji ndoo ya maji. Kikombe kimoja, kikimiminwa taratibu kutoka kwenye kopo, kinaosha nyuso mbili au tatu. Anza na kona za macho, kisha pua. Kila mtoto awe na kitambaa chake, na rangi yake, ili hata gizani wasibadilishane.

Usiku na alfajiri

Likizo huwazoesha watoto kulala saa nne na kuamka saa mbili. Hutaweza kulirudisha jambo hilo usiku mmoja wa Jumapili. Siku 10 kabla ya kufungua, sogeza muda wa kuamka kwa robo saa kila siku, na muda wa kulala uufuate. Mtoto wa shule ya msingi anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 11. Anayeamka saa kumi na moja na nusu alfajiri awe amelala kabla ya saa mbili na nusu usiku.

Kwenye kitanda au mkeka, baridi kubwa hutoka chini. Sakafu ya saruji hunyonya joto la mwili usiku kucha. Fungua maboksi makavu, yatandaze chini ya mkeka au godoro, tabaka mbili. Mablanketi mawili mepesi hupasha kuliko moja zito, kwa sababu ileile ya hewa iliyonaswa.

Jiko la mkaa lisiingie chumbani kwa ajili ya joto. Hili tunalisema kwa uzito wote. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, ambayo hushika nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Aliyelala haamki. Hata jiko lililofunikwa majivu na kuonekana limepoa bado linaitoa, na kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Watu wa nyumba moja wakiamka wote na kichwa kinauma, kichefuchefu na miguu kulegea, watolewe nje mara moja na kupelekwa hospitali. Jiko likae nje au jikoni penye upepo, basi.

Kuoga alfajiri kwa maji ya baridi si ukakamavu, ni kumchelewesha mtoto. Aoge mwili mzima jioni, saa kumi na moja jua likiwa bado lipo. Asubuhi anawe uso, mikono, miguu na kwapa. Usiku chemsha maji, jaza chupa ya chai ya lita mbili na uifunge vizuri. Ukichanganya na ya baridi alfajiri unapata ya kunawa watoto watatu na ya kuanzia uji, bila kuwasha mkaa ukiwa na haraka. Uji wenyewe usiulaze kwenye chupa. Hupoa polepole hadi kiwango cha uvuguvugu ambacho vijidudu hukipenda, na saa kumi na moja alfajiri unakuwa mwepesi na umechachuka.

Njiani gizani, watoto waende kwa kundi, na mkubwa awe nyuma. Barabarani wapite upande wa kulia, wakiyatazama magari yanayokuja, hasa karibu na barabara kuu za kwenda Singida, Arusha na Dar es Salaam ambako malori hupita alfajiri kwa kasi. Sweta la bluu iliyokolea au jeusi halionekani kabisa kwenye taa za gari. Shona kipande cha utepe unaong'aa, urefu wa kidole, nyuma ya begi na kingine kwenye kamba ya mbele. Kitambaa cheupe kilichofungwa begani kinasaidia kuliko kukosa vyote. Anayekwenda kwa bodaboda afunge sweta hadi shingoni: upepo wa pikipiki hugeuza nyuzi 13 kuwa baridi ya kuumiza kifua.

Chakula, na mahindi ya kupeleka shule

Mtoto asitoke tumbo tupu. Kwa uji wa watoto wanne chukua maji lita moja, unga wa mtama, uwele au ulezi gramu 100, yaani vijiko vinane vya chakula vya wastani. Koroga unga kwanza na kikombe kimoja cha maji ya baridi mpaka mabonge yaishe, ndipo umimine kwenye maji yaliyobaki yanayochemka huku mwiko haupumziki. Unga mkavu ukiutupa moja kwa moja kwenye maji ya moto, nje huiva papo hapo na kufungia unga mbichi ndani. Acha uchemke dakika 15 kwa moto mdogo. Wa mtama ukiwahi kuutoa hukwaruza koo. Ongeza vijiko viwili vya karanga zilizokaangwa na kusagwa. Unga wa ubuyu, kijiko kimoja kwa kikombe, uutie ukishaepua, kwa kuwa vitamini C huharibiwa na moto. Ubuyu na maziwa usivichanganye. Uchachu wake huyakata.

Julai ndiyo pia wakati wazazi wanapopeleka mahindi na maharage kwa ajili ya chakula cha shule, kwa kiasi kilichokubaliwa kwenye kikao. Kama mtu anataka kujua kiasi hicho kinatoka wapi, hesabu ni nyepesi. Makande ya mtoto mmoja ni karibu gramu 120 za mahindi na 40 za maharage kwa siku. Kwa siku 90 za masomo ni kilo 10.8 za mahindi na kilo 3.6 za maharage. Ukiongeza uji wa gramu 50 kwa siku ni kilo 4.5 nyingine. Debe moja la mahindi, ambalo ni kilo 18 hadi 20, linamtosha mtoto mmoja kwa muhula na linabaki kidogo kwa yatakayochambuliwa na kutupwa.

Na yatakayotupwa yapo. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliokula mahindi ya mavuno yao wenyewe. Kuvu hiyo huingia kwenye mahindi yaliyoanikwa chini udongoni au kufungwa yakiwa mabichi, na kupika hakuiondoi sumu. Yaanike juu ya turubai au kichanja, kamwe si ardhini. Kabla ya kufunga gunia fanya kipimo cha chumvi: chukua chupa kavu ya kioo, jaza mahindi robo, ongeza kijiko kikubwa cha chumvi kavu kabisa, funga, tikisa kwa dakika mbili, kisha iache dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu. Isiponata, yaanike siku moja au mbili zaidi, maana kipimo hiki kinakuonyesha tu kwamba unyevu uko chini ya asilimia 15, na unaotakiwa ghalani ni 13. Kisha chambua: punje zilizovunjika, zilizosinyaa, zenye rangi ya kijani au nyeusi, zifukiwe. Zisiende kwa kuku, wala kwenye pombe, wala, tunaomba sana, kwenye gunia la shule kwa kuwa "watasaga tu".

Daftari na mitihani

Tangu 2016 serikali haitozi ada shule za msingi na sekondari hadi Kidato cha Nne, na tangu 2022 hadi Kidato cha Sita, lakini sare, madaftari na kalamu ni za mzazi. Kabla ya kununua mapya, fungua ya muhula wa kwanza. Yenye zaidi ya nusu tupu yaendelee. Yajalidi kwa karatasi ngumu na nailoni, kwa sababu vumbi la Julai huingia hadi kwenye pini za katikati.

Mwenye mtoto wa Darasa la Saba ajue kuwa mtihani wa taifa kwa kawaida ni Septemba. Kutoka kufungua shule ni kama wiki tisa. Huyu apewe taa na meza kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni, na ndoo za maji za asubuhi zibebwe na mwingine.

Anayekwenda bweni Kidato cha Tano

Kidato cha Tano nao huanza Julai, na wengi hupangiwa Msalato, Bihawana au Mpwapwa wakitoka Tanga, Lindi au Dar es Salaam ambako blanketi hukaa sandukuni. Fuata fomu ya kujiunga kipengele kwa kipengele, kisha ongeza haya ambayo mara nyingi haijayataja: blanketi la pili, soksi nzito za kulalia, kofia ya kufuma, fulana tano, kopo kubwa la mafuta ya mgando, chupa ya chai ya lita moja. Godoro la futi 2½ kwa 6 hutosha vitanda vingi vya deka, lakini fomu yako ndiyo ya kuaminiwa. Vitu vya baridi aviweke kwenye begi la mkononi, si chini ya tranka. Basi au treni ikifika usiku, atahitaji sweta kabla ya kufungua kufuli.

Mwenye pumu aende na dawa zake za kuvuta, moja ya kutumia na moja ya akiba, na maelezo ya daktari kwa maandishi. Mzazi amwone matroni au mwalimu wa darasa ana kwa ana: "Shikamoo mwalimu. Huyu ana pumu, vumbi na baridi ya asubuhi huiamsha. Dawa yake iko mfuko wa mbele wa begi, anajua kuitumia; asiagizwe kufagia uwanja alfajiri." Sentensi tatu hizo hukumbukwa kuliko karatasi ndefu kwenye faili.

Kwa walio nyumbani, mafua ya kawaida hupita ndani ya wiki moja au zaidi kidogo na mtoto anaweza kwenda shule. Asiende, na apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, kama anapumua kwa haraka akiwa ametulia, zaidi ya mara 30 kwa dakika kwa mtoto wa umri wa shule na 40 au zaidi kwa mdogo wake wa kati ya mwaka mmoja na mitano, au kama kifua kinabonyea ndani kila anapovuta pumzi. Hesabu dakika nzima kwa saa, ukiwa umeinua fulana na kutazama tumbo linavyopanda. Ukihesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili unakosea kirahisi, kwa kuwa watoto hawapumui kwa mwendo mmoja.